Kushuka na Kusukuma: Baiskeli ya Mzigo Kutoka Kalemela

Kutoka Kalemela, wilayani Busega, anayekwenda Bariadi kwa baiskeli hushika barabara kuu ya Mwanza–Musoma hadi Lamadi, kisha huliacha Ziwa Victoria mgongoni na kupandisha kilomita zipatazo 70. Njiani hakuna mlima wa kutisha. Kuna mabonde na vilima vinavyofuatana, na hivyo ndivyo humaliza nguvu za mtu mwenye mzigo.

Tuchukue baiskeli ya kawaida ya kule, Phoenix isiyo na gia za kubadilisha, yenye meno 48 mbele na 20 nyuma. Kila mzunguko mmoja wa pedali huisogeza mita 5 na kidogo. Mwendeshaji ana kilo 65, baiskeli 20, na magunia ya dagaa kwenye keria 60. Jumla ni kilo 145.

Barabara ikipanda mita 5 kwa kila mita 100, kwenda kilomita 10 kwa saa kunadai nguvu ya wati 240 hivi. Miguu inazungusha pedali mara 30 tu kwa dakika, na kila mkanyago unataka karibu uzito wote wa mwili. Kijana mwenye afya anaweza kuivumilia kazi hiyo kwa dakika chache. Akifanya hivyo kwenye vilima kumi vya kwanza, magoti yatamdai jua likiwa bado halijapanda.

Akishuka na kusukuma kwa mwendo wa kilomita 4 kwa saa, kilima kilekile kinamgharimu wati 90. Kusukuma, basi, ndiyo gia ndogo ambayo kiwanda hakikuiweka, na anayeshuka mapema, kabla hajaanza kuhema, ndiye anayeendesha kwa akili. Mwaka 1954 wabebaji wa Vietnam walipeleka shehena kwenye mapigano ya Dien Bien Phu kwa baiskeli zilizobeba kilo 200 na zaidi, na hawakuzipanda kabisa: waliongeza fimbo kwenye usukani na nguzo penye kiti, wakasukuma.

Kuna imani kwamba ukishuka bonde kwa kasi utapandishwa na kasi hiyohiyo. Hesabu inakataa. Kasi ya kilomita 20 kwa saa inakuinua mita moja na nusu tu, mzigo uwe mkubwa au mdogo. Kwenye mwinuko wetu hizo ni kama mita 30 za barabara. Zipokee, lakini usizinunue kwa kuhatarisha maisha mteremkoni, kwa sababu huko ndiko uzito unakokugeuka. Kilo 145 zina nguvu ya mwendo mara 1.7 ya baiskeli isiyo na mzigo, na breki za vyuma juu ya rimu ya chuma iliyolowa hushika kidogo sana. Breki ifungwe juu kabisa ya mteremko, kasi ikiwa bado ndogo.

Nusu ya safari huamuliwa nyumbani, wakati wa kufunga. Gunia likikaa nyuma ya ekseli ya nyuma, gurudumu la mbele huwa jepesi na usukani hupepea kila unapopanda. Lilaze mbele kadiri kiti kinavyoruhusu, na kilicho kizito zaidi, kama dumu la maji, kining'inie ndani ya fremu. Mipira iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu ni bora kuliko kamba ya katani, kwani gunia linapojipanga kwa mtikisiko, mpira hujivuta na kuendelea kubana. Baiskeli za mtindo wa Kiingereza zilitoka na spoki 32 mbele na 40 nyuma kwa sababu hiyohiyo ya uzito. Fundi azikague spoki za nyuma kwanza.

Unaposukuma, simama kushoto kwa baiskeli, upande wa ukingo, mabasi yapite kulia kwako.

Saa nazo zina hesabu yake. Alfajiri upepo ni mdogo, na hapo ndipo pa kumaliza kilomita nyingi. Mchana nchi kavu ikishapata joto, upepo wa ziwa huingia bara: humsaidia anayekwenda Bariadi na kumpiga usoni anayerudi. Anayerudi asingoje jioni upepo utulie, bali asubiri kesho yake alfajiri, kwa kuwa eneo la Lamadi linapakana na Serengeti na Pori la Akiba la Kijereshi, na jioni tembo hutoka.