Tani kumi za risasi kwa gari moja

Mwaka 1958 kampuni ya Ford ya Marekani ilionyesha Nucleon, gari lililokusudiwa kubeba kinu kidogo cha nyuklia upande wa buti na kwenda takribani kilomita 8,000 kabla ya kubadilishiwa kinu. Hizo ni safari zaidi ya 16 za Mombasa hadi Nairobi, na kila mara dereva angepita Malili, kwenye barabara hiyo, bila kutupia jicho kituo cha mafuta. Kilichotengenezwa ni mfano tu, usiofika hata nusu ya gari kamili.

Kwa nishati, wahandisi hawakukosea. Nyutroni ikigonga kiini cha urani-235, kiini hupasuka na kutoa nyutroni nyingine mbili tatu, nazo hupasua viini vya jirani. Gramu moja ikipasuka yote hutoa joto la zaidi ya lita 2,000 za dizeli.

Shida ni ukuta wa kuzuia mionzi. Chukua kinu cha mviringo chenye kipenyo cha mita 1, ukifunike kwa metali ya risasi ya unene wa sentimita 20 ili kupunguza miale ya gama. Piga hesabu ya ujazo: risasi peke yake inapita tani 10. Na risasi haizuii nyutroni vizuri. Hizo zataka maji au kitu kingine chenye haidrojeni nyingi. Gari la watu wanne lingepanga foleni na malori kwenye mizani ya Mlolongo!

Halafu kinu hakizimiki kama injini. Ukitaka kilowati 75 kwenye magurudumu, na robo tu ya joto ndiyo igeuke mwendo, kinu chapaswa kutoa kilowati 300. Ukikizima, mabaki ya viini vilivyopasuka huendelea kuoza: mwanzoni asilimia 7 hivi ya joto hilo, yaani kilowati 20, na saa moja baadaye bado kilowati 4 au zaidi, kama birika mbili za umeme zinazochemka ndani ya gari lililoegeshwa. Nani angekipoza kinu, na kwa maji gani, gari likipinduka Malili? Kinu cha kwanza barani Afrika, kilichowashwa Kinshasa mwaka 1959, kilikaa palepale ndani ya tangi la maji.

Gari la nyuklia halikuja, lakini Nairobi ina mabasi ya umeme tangu 2022. Sehemu ya umeme huo hutokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, unaochemshwa na joto la ndani ya dunia, ambalo sehemu yake kubwa hutoka kwa urani, thoriamu na potasiamu zinazooza ardhini.