Hongereni, Mafundi wa Kurekebisha Sare za Anga

Sare ya dukani ya Star Trek, tamthilia ya televisheni ya safari za anga, hushonwa kwa vipimo vya jumla, lakini miili ya watu haifanani. Mabega huporomoka, kiuno hupwaya, suruali huburuta. Hapo ndipo thamani ya fundi wa kurekebisha nguo huonekana.

Fundi hodari humvalisha mteja sare ikiwa imegeuzwa ndani nje, na viatu atakavyovaa siku ya tamasha miguuni, kisha hubana pini kutoka kwapani hadi kiunoni. "Inua mikono. Kaa. Inama." Huanza na mabega, kwani yakikaa sawa kasoro nyingi huondoka zenyewe. Kitambaa cha kuvutika hukishona kwa sindano yenye ncha ya mviringo na mshono wa zigizaga, uzi usije ukakatika mkono ukinyanyuliwa. Panapobana kwapani hutia kiraka cha pembe nne. Wala hakati kitambaa kabla ya kupiga bandi na kujaribisha tena.

Hata Hollywood ilijua umuhimu wa sare kukaa vizuri mwilini. Star Trek: The Next Generation ilipoanza mwaka 1987, waigizaji walivaa sare za spandeksi zilizobana hata kuwaumiza migongo. Katika msimu wa tatu, mbunifu wa mavazi Robert Blackman aliwaletea sare za sufu.

Hongereni, mafundi. Kwa mikono yenu, shabiki huingia kwenye tamasha la Comic-Con kule San Diego kifua mbele, amevaa sare iliyomkaa barabara.