Shinikizo la Nazareti

Zeituni ikitoka mtini hailiki. Ni chungu, inakamata ulimi, na anayeionja mara ya kwanza huitema. Ukitaka kujua tunda hilo lilivyopata kuwa chakula, dawa, taa na mafuta ya kuwatawaza wafalme, nenda Nazareti, kwenye mteremko ambako shamba la kale limefufuliwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 waakiolojia walikuta hapo shinikizo la zabibu lililochongwa mwambani, pamoja na matuta ya kilimo. Kando yake zikajengwa nyumba za mawe, sinagogi na karakana, mfano wa kijiji cha karne ya 1, na wageni wanapokewa tangu 2000. Kuna seremala, kuna mfumaji, kuna mchungaji na kondoo wake. Wote wana la kuonyesha, lakini moyo wangu uko kwa mkamuaji mafuta.

Kazi yake huanza kwa punda. Punda anazunguka, gurudumu la jiwe linabiringika ndani ya beseni la jiwe, na zeituni zinapondwa pamoja na kokwa zake mpaka ziwe uji mzito. Mtu wa pwani yetu hataona ajabu, maana Zanzibar ufuta ulikamuliwa kwa kinu cha kuzungushwa na ngamia.

Ustadi wenyewe uko baadaye. Uji hutiwa katika vikapu bapa vya kamba, vikapangwa kimoja juu ya kingine, na chini yake pana shimo. Mafuta huanza kuchuruzika yenyewe, kabla hayajalemewa na kitu. Hayo ndiyo bora kuliko yote. Ya namna hiyo ndiyo yaliyofaa taa ya hekaluni. Kisha hushushwa boriti, ncha moja imechomekwa katika tundu la ukutani, nyingine inatundikwa mawe. Jiwe la kwanza, kisha kusubiri. La pili, kusubiri tena. Mwenye pupa akitundika yote kwa mpigo, rundo la vikapu hupinda na uji ukabubujika pembeni. Kwa hiyo jicho la fundi halibanduki vikapuni, na mkono wake unajua wakati wa kutulia. Uvumilivu huo ndio ninaousifu.

Kinachoshuka shimoni ni majimaji meusi, mafuta yamechanganyika na maji machungu ya tunda. Huachwa yatulie, mafuta yaelee, ndipo yaenguliwe polepole. Yakiwa mapya yana rangi ya kijani na yanawasha koo. Na ni machache! Kilo tano za zeituni, pengine zaidi, ndizo zinazotoa lita moja.

Ukishaisukuma boriti ile kwa bega lako, huwezi tena kuwaita wachoyo wale wanawali watano wa Mathayo 25 waliokataa kugawa mafuta yao. Na yule mjane wa 2 Wafalme 4, aliyebakiwa na chupa moja tu ya mafuta nyumbani, unaona kwamba alichokishika mkononi kilikuwa jasho la watu wengi. Kule Ekroni, mji wa Wafilisti, yamefukuliwa mabaki ya mashinikizo zaidi ya 100 ya karne ya 7 K.K. Waliotundika mawe yale hatuwajui hata mmoja kwa jina, nami nawaheshimu sawa na waliojenga mahekalu.

Tena kazi hii ilikuwa na mpaka wake tangu shambani. Kumbukumbu la Torati 24 inamkataza mwenye mzeituni kurudia matawi aliyokwisha kuyapura. Zilizobaki ni za mgeni, yatima na mjane.

Anayepanga safari ya Nchi Takatifu achague Oktoba au Novemba, msimu wa mavuno, na amwombe kiongozi wa msafara asiwakimbize kwenda kwenye duka la zawadi. Akifika shinikizoni aombe kushika mashudu yaliyobaki vikapuni: yana chenga za kokwa, yanateleza kwa mafuta, na watu wa kale waliyakausha wakayatia motoni badala ya kuni.