Mizani ya Hadithi za Wachawi

Msomaji, hapana hadithi inayosikilizwa kwa kimya kikubwa kuliko hadithi ya uchawi. Ianze jioni, Embu au Meru, wakati ukungu unaposhuka kutoka Mlima Kenya na kuifunika migomba, nawe utaona watoto wakisogeleana na watu wazima wakijifanya hawasikii. Hofu ni kiungo kikali. Chakula chenye kiungo hicho huliwa upesi, hata kama hakikuiva. Kwa hiyo yampasa mhakiki kuuliza jambo ambalo msomaji aliyeshikwa na hofu hana nafasi ya kuliuliza: je, chakula chenyewe kimeiva?

Katika makala haya nataka tupime aina moja ya hadithi hizo, ambayo imeenea sana katika vitabu na filamu za siku hizi. Muundo wake hujulikana. Upo mji mdogo ambao kila mtu humjua mwenzake. Ndani ya mji huo wamo watu wachache wenye uwezo usio wa kawaida. Nao si vikongwe wa porini, bali ni watu wa kisasa: mwalimu, mshoni, mwenye duka. Mtoto anaugua, mvua inakosekana, ng'ombe anakufa. Minong'ono inaanza, na mwisho wake mji mzima unawaandama watu hao kwa marungu na vijinga vya moto. Mwandishi hututaka tuwaonee huruma wanaoandamwa. Nia yake ni njema, wala simlaumu kwa nia.

Lawama yangu ni juu ya kazi yenyewe. Mwandishi hutuambia kwamba umati umekosea, na papo hapo hutuonyesha kwamba waliyoyaamini watu wale ni kweli: yule mwenye duka kwa hakika huzima taa kwa kuitazama, na yule mshoni kwa hakika huwaita ndege wa usiku. Ikiwa ni hivyo, kosa la umati ni lipi? Ni ukali wake tu. Umati ulimtafuta mchawi, ukampata mchawi. Hadithi iliyotaka kuwatetea wanyonge imetoa ushahidi kwa upande wa washtaki wao, wala mwandishi hakujua.

Huenda msomaji wa nchi za mbali asidhurike na kosa hilo, kwa kuwa kwake mchawi ni mtu wa vitabuni. Sisi hatuna starehe hiyo. Mwaka 2008 watu 11, wengi wao wazee, waliuawa kwa moto katika sehemu za Kisii kwa kushukiwa uchawi. Waliowaua walikuwa majirani zao. Msomaji wa Kenya, anapofungua hadithi ya wachawi, hufungua pia mlango wa nyumba ambayo ndani yake yupo bibi halisi.

Tena, nchi yetu inayo historia ya jambo hili, na historia hiyo ina mafunzo kwa mtunzi kuliko filamu nyingi. Jeffrey Fadiman alikusanya masimulizi ya wazee wa Meru, na mwaka 1993 akatoa kitabu kiitwacho When We Began There Were Witchmen. Katika kitabu hicho tunasoma kwamba Wameru wa kale hawakuwa na neno moja la kuwatupia watu wote wenye uwezo wa siri. Walikuwapo wenye kutabiri, walikuwapo wenye kulaani, na walikuwapo wenye kuondoa laana. Na kazi za watu hawa zilishikana kama mafiga matatu. Mbali na hao alikuwapo Mugwe, ambaye Padre Bernardo Bernardi alimwandikia kitabu kilichotoka mwaka 1959, na kazi ya Mugwe ilikuwa kubariki. Watawala wa kikoloni walipokuja waliona giza tupu. Mwaka 1925 sheria ya uchawi ilitungwa, na katika miaka hiyo ya 1920 vyama vya siri vya Meru vilipigwa vita. Basi nani aliyekuwa mchawi, na nani aliyekuwa mganga? Aliyeshika kalamu ndiye aliyeamua.

Lakini tusiuone upande mmoja tu. Ng'ambo ya mto Tana, Ukambani, mwanamke mmoja alipigwa hadi kufa kwa kutuhumiwa uchawi, na mwaka 1932 mahakama iliwahukumu wanaume 60 kufa kwa ajili yake. Hukumu hiyo haikutimizwa, walipunguziwa adhabu. Wanaume wale waliamini kwamba wameulinda mji wao. Serikali iliamini kwamba imeilinda sheria. Mwanamke alikuwa amekwisha kufa, na katika mabishano marefu yaliyofuata habari zake zilikuwa chache kuliko habari za waliomwua. Mtunzi mwenye jicho angeanzia hapo: si kwenye moto, bali kwenye ukimya wa yule aliyeuawa.

Sheria ile ya mwaka 1925 ilikuwa na jambo moja la kutazamwa na mwanafunzi wa fasihi. Ilimwadhibu mtu anayejidai mchawi ili atishe watu, na pia ilimwadhibu mtu anayemsingizia mwenzake uchawi. Yaani ilitambua kwamba neno tupu, litamkwalo sokoni au kisimani, ni silaha. Hadithi nyingi za kutisha hazijafika hapo. Huweka hatari katika vibuyu na hirizi, hali hatari kubwa imo katika midomo. Wazee walisema, lisemwalo lipo, na kama halipo li nyuma linakuja. Methali hiyo ni ya hekima katika mambo mengi. Lakini katika mambo ya uchawi imepeleka watu kaburini.

Je, ipo kazi iliyofaulu? Naam, zipo. Muhammad Said Abdulla wa Unguja alitoa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960. Kuna maiti, kuna mzimu unaoogopwa, na kuna watu walio tayari kuamini kwamba mizimu imeua. Bwana Msa hakubali. Yeye huuliza, hupima, hufuata alama, na mwisho hutufikisha kwa binadamu mwenye sababu za kibinadamu. Angalia ustadi wake: hofu yote tunaipata, wala hatunyang'anywi ladha yake, lakini tunapofunga kitabu tunawaogopa wauaji, hatuwaogopi wazimu wala mizimu.

Arthur Miller wa Marekani aliandika The Crucible mwaka 1953, juu ya mji wa Salem ambako mwaka 1692 watu 19 walinyongwa kwa kesi za uchawi. Katika tamthilia hiyo hakuna mchawi hata mmoja. Kuna wasichana wanaoogopa kuadhibiwa, kuna jirani mwenye tamaa ya shamba, kuna mahakimu wasioweza kukiri kwamba wamekosea. Hayo matatu yanatosha kuujaza mji makaburi.

Na hapa kwetu Maia Lekow na Christopher King walitengeneza filamu ya kweli iitwayo The Letter, iliyotoka mwaka 2019. Kijana anarudi Kilifi kutoka Mombasa baada ya kusikia kwamba bibi yake anatuhumiwa uchawi. Hakuna muziki wa kushtua, hakuna bundi. Kuna bibi anayefanya kazi shambani mwake. Polepole tunatambua kwamba shamba hilo ndilo linalotamaniwa. Mimi naona kwamba kupiga kwa jembe lile kunatisha kuliko kishindo cha mapepo mia.

Huenda utanipinga ukisema, "Mwalimu, je, fasihi isiwe na miujiza? Mbona Shakespeare aliwaweka wachawi katika Macbeth, ambayo Samuel Mushi aliifasiri kwa Kiswahili mwaka 1968?" Hoja yako ni ya haki. Sikatazi miujiza. Lakini tazama Shakespeare alivyoitumia. Wachawi wale hutoa utabiri tu. Kisu kimeshikwa na Macbeth mwenyewe. Muujiza haukuondoa dhambi mabegani mwa mtu. Hiyo ndiyo tofauti ya fundi na mwigaji: fundi hutumia muujiza kumulika moyo, na mwigaji huutumia kuuficha.

Basi, msomaji, utakapokutana tena na hadithi ya namna hii, ipime kwa maswali matatu. La kwanza: nani anafaidika mtuhumiwa akiondoka? Ikiwa hadithi haijui, haijaufahamu mji wake. La pili: je, mtuhumiwa ana maisha mengine yasiyo ya kutuhumiwa, chakula apendacho, deni alilolipa, mjukuu aliyemlea? Ikiwa hana, basi mwandishi naye amemtupa pamoja na umati. La tatu: je, huruma ninayoombwa ingebaki kama uwezo wa ajabu ungeondolewa? Huruma inayohitaji uchawi ili isimame ni huruma kwa uchawi, si kwa mtu.

Nami nakuomba usiyaache maswali hayo darasani. Likizo itafika, utarudi Runyenjes, au Siakago, au Chuka, au Maua. Jioni moja utaketi na watu wako, na jina la mtu litatajwa kwa sauti ya chini. Pengine ni mama mzee aliyefiwa na watoto, mwenye macho mekundu kwa miaka mingi ya moshi wa jikoni, mwenye kipande cha ardhi karibu na barabara. Atakayelitaja hatajiona mtu mbaya. Atakuwa anasimulia hadithi tu, na wenzake watasogea karibu, kama wasogeavyo siku zote.

Wewe umesoma. Uliza swali la kwanza, kwa adabu, kama mtoto aulizavyo wakubwa wake: "Na shamba lake litakuwa la nani?" Utasikia kimya. Kimya hicho ndicho mwisho wa hadithi ambao waandishi wengi wameshindwa kuuandika.