Filamu ya "Vuta N'kuvute" na Tuzo Yake

Mwaka 2022 filamu ya "Vuta N'kuvute", iliyoongozwa na Amil Shivji, ilitunukiwa Taniti ya Dhahabu katika tamasha la Carthage, nchini Tunisia. Je, iliistahili? Wapo wanaonung'unika kwamba saa moja na nusu haiwezi kuibeba riwaya ya Adam Shafi iliyochapishwa mwaka 1999. Ni kweli: mapenzi ya Denge na Yasmin yametangulizwa, na harakati za kupinga ukoloni zimepungua uzito. Hata hivyo, twaona tuzo haikupotea njia. Watu wa Unguja ya miaka ya 1950 wanasema Kiswahili chao wenyewe; hawakuazima ulimi wa mgeni ili wasikike ugenini. Mwanafunzi na aitazame, kisha akisome kitabu, apime mwenyewe.