Vitabu Vilivyosahauliwa Rafuni

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Huenda neno hili ni kweli sokoni Kamembe, ambako mnunuzi huweza kuigeuza ndizi na kumnusa samaki kabla ya kutoa fedha yake. Kwa upande wa vitabu twathubutu kulikataa. Kitabu kizuri chaweza kulala rafuni miaka arobaini kwa sababu tu hakikutajwa katika orodha ya mitihani, wala hakuna mwalimu aliyekitia mkononi mwa mwanafunzi.

Sisi tunaofundisha Kiswahili hapa Rusizi, iliyokuwa Cyangugu, tuna jukumu la pekee katika jambo hili. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, lakini mpakani kwetu kilikuwapo tangu zamani, kikivuka mto pamoja na biashara ya Bukavu. Hata hivyo, mwanafunzi aingiapo darasani huambiwa kwamba Kiswahili cha kweli ni cha Pwani, na kile akisemacho sokoni ni makosa matupu. Mmoja wao alipata kutuuliza: "Mwalimu, na sisi tumo katika vitabu vya Kiswahili?" Siku ile hatukuwa na jibu. Leo tunalileta, katika vitabu vitatu vya aina tatu.

Cha kwanza ni riwaya ya Aniceti Kitereza, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Mwandishi huyu wa kisiwa cha Ukerewe, katika Ziwa Viktoria, alimaliza kuiandika kwa Kikerewe mwaka 1945. Alipokosa mchapishaji wa lugha ile, aliifasiri mwenyewe kwa Kiswahili. Ilichapishwa Tanzania mwaka 1980, naye akafariki mwaka 1981. Kisa chake ni cha mume na mke wapendanao ambao wamekosa mtoto, na jamaa wanaoingilia ndoa yao kwa maneno makali. Kikerewe ni cha ukoo mmoja wa lugha za Maziwa Makuu na Kinyarwanda. Kwa hiyo mwanafunzi wetu ataitambua pombe ya ndizi, heshima ya ng'ombe na adabu ya ukweni bila kufafanuliwa. Tukiri kasoro yake: mwandishi hana haraka. Kila kazi na kila maamkizi huelezwa hatua kwa hatua, na msomaji aliyezoea hadithi za upelelezi atachoka upesi. Twashauri mwalimu asianze na kitabu kizima. Achague sehemu ambapo Myombekere anahangaika kumrudisha mkewe kutoka kwa wazazi wake. Atakayeguswa hapo atautafuta mwanzo mwenyewe.

Cha pili ni wasifu. Jina la Shaaban Robert halihitaji kutambulishwa. Kusadikika na Adili na Nduguze husomwa kila mahali. Lakini ni wangapi kati yetu wamefundisha Wasifu wa Siti binti Saad? Humo twamwona binti wa kijiji cha Fumba, Unguja, aliyeuza vyungu mjini kabla ya kuwa mwimbaji, na ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi nyimbo zake kwenye santuri. Mwandishi humsifu Siti kupita kiasi, na mara nyingine mawaidha yake huifunika sauti ya mwimbaji mwenyewe. Pamoja na hayo, kitabu hiki kifupi chaonyesha kwamba maisha ya mwanamke maskini mchuuzi yanastahili kuandikwa kwa lugha tukufu. Baada ya kukisoma, mwanafunzi apewe zoezi la kuandika wasifu wa mama mmoja avukaye daraja kila alfajiri na kapu kichwani.

Cha tatu kitaleta ubishi. Mwaka 1965, katika mji ambao sasa ni Lubumbashi, André Yav aliandika historia ya mji ule na ya wakoloni wa Kibelgiji kama ilivyoonwa na watumishi wa nyumbani. Jina lake ni la Kifaransa, Vocabulaire de ville de Elisabethville, lakini habari zenyewe ni za Kiswahili cha Katanga. Mtaalamu Johannes Fabian aliichapisha pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1990. Wako wenzetu watakaosema kwamba maandishi haya yatawaharibia wanafunzi sarufi. Hofu yao ina msingi, kwani tahajia yake haifuati kanuni zetu. Lakini mpishi na mfuaji nguo waliosimama nyuma ya kiti cha bwana wao waliona mengi ambayo bwana hakuyaandika, na waliyasema kwa lugha waliyokuwa nayo. Kiswahili chao ni ndugu wa kile kisikikacho ng'ambo ya mto wetu. Kisomwe darasani sambamba na Kiswahili sanifu, na mwanafunzi ajifunze kupambanua bila kudharau.

Hatusemi kwamba vitabu vya mitihani viachwe. Twasema kwamba mwalimu asiyesoma nje ya orodha hawezi kumjibu mwanafunzi aliyetuuliza swali lile. Basi kila mwenzetu mwenye nakala ya mojawapo ya vitabu hivi aiazime kwa jirani yake, na aliye na kingine kilichosahauliwa atuandikie habari zake. Rafuni hakitajiuza chenyewe.