Pembe Iliyoinama: Kamera na Ujenzi wa Hisia katika Filamu ya Brief Encounter

Wanafasihi wanapohakiki filamu, mara nyingi huazima zana za riwaya na tamthilia: msuko, wahusika, dhamira na mazungumzo. Zana hizo zina manufaa, lakini huifanya kamera ionekane kuwa dirisha tu la kutazamia hadithi. Brief Encounter, filamu ya mapenzi iliyoongozwa na David Lean nchini Uingereza mwaka 1945, inatoa nafasi adimu ya kuupima msimamo huo, kwa sababu tukio lake kuu linaonyeshwa mara mbili.

Filamu hiyo, iliyotokana na tamthilia ya Noël Coward iitwayo Still Life, inamhusu Laura Jesson, mke na mama, na daktari Alec Harvey, ambaye naye ana familia. Wanakutana kwa bahati katika stesheni ya reli, wanapendana, kisha wanaamua kuachana. Dakika zao za mwisho katika mkahawa wa stesheni zinakatizwa na Dolly Messiter, mwanamke msemaji anayefahamiana na Laura. Alec hapati hata nafasi ya kuaga. Anaweka mkono begani mwa Laura, kisha anaondoka.

Mara ya kwanza, mwanzoni mwa filamu, kamera inashughulika na watumishi wa stesheni wanaopiga soga, huku wapenzi wakiwa mezani kama wasafiri wengine wowote. Alec anapotoka, kamera inabaki na Dolly anayekwenda kaunta kununua chokoleti. Anapogeuka, Laura hayupo. Anarudi punde, akisema alitaka tu kuona treni ikipita. Mtazamaji amepewa jicho la Dolly: jicho linaloona kila kitu na lisielewe chochote.

Mara ya pili, karibu na mwisho, Dolly anarudia porojo zile zile, lakini kamera haimfuati tena. Inabaki na Laura, usoni pake. Mngurumo wa treni unapokaribia, fremu nzima inaanza kuinama upande. Laura anainuka na kukimbilia ukingo wa jukwaa, na dunia yote imeinama pamoja naye. Mwanga wa madirisha ya treni unampiga usoni, mmweko baada ya mmweko. Treni ikiisha kupita, fremu inarudi wima. Kumbe alitaka kujiua.

Huenda ikadaiwa kwamba hisia za mara ya pili zinatokana na maarifa, si kamera: mtazamaji sasa anaijua hadithi, na sauti ya ndani ya Laura imemwongoza. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Sauti ya Laura inakiri nia yake baada ya treni kupita. Fremu iliyoinama imekwisha kuitangaza kabla. Hapo kamera haifafanui maneno, bali inayatangulia.

Nguvu ya pembe hiyo inatokana pia na uhaba wake. Mpigapicha Robert Krasker ameiweka kamera wima na tulivu katika sehemu kubwa ya filamu, kwa namna inayolingana na adabu za watu wanaojizuia. Msomaji wa ushairi wa Kiswahili ataitambua kanuni hii: pale tu mizani inapozingatiwa beti kwa beti ndipo mshororo mmoja unaokengeuka makusudi hushtua. Kamera inayoinama kila mara haimwinamishi yeyote. Inakuwa guni tu.

Matokeo yake si huruma peke yake. Mtazamaji anayekumbuka mara ya kwanza anatambua kwamba wakati mwanamke huyu alipokuwa ukingoni mwa kifo, yeye alikuwa kaunta akitazama chokoleti ikinunuliwa. Huruma yake inachanganyika na aibu. Hakuna mhusika anayeitamka aibu hiyo, wala haimo katika msuko. Imejengwa na mahali kamera iliposimama.

Kwa hiyo muhtasari wa hadithi, hata ukiwa sahihi kiasi gani, hauwezi kuwa uhakiki wa filamu hii. Katika muhtasari, tukio la mkahawani ni moja. Katika filamu ni mawili, na tofauti kati yake ndiyo maana yenyewe.